Swali la Fundi Ambalo Sikuliandika

Nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu, si kwa sababu ya akili. Shule niliacha darasa la tano, na mpaka leo nikiandika neno refu nalisoma mara mbili kwa sauti ya chini nione kama limekaa. Kwa hiyo haya yachukue kama maneno ya mtu aliyekuwepo, lakini hana hakika kwamba kila kitu alikiona sawasawa.

Kikundi chetu cha wanawake wa Kiislamu kilianzia Gatsata, mtaa wetu hapa Kigali, sebuleni kwa Hajati, na kilizaliwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa aibu. Jirani yetu alifariki alfajiri, akakaa hadi baada ya alasiri hajaoshwa, kwa sababu mama mmoja tu upande wetu wa mlima alijua kuosha maiti wa kike, na siku hiyo alikuwa safarini. Wanaume wako nje na jeneza, hawana ruhusa ya kuingia. Sisi tulio na ruhusa hatujui pa kuanzia. Wanawake wazima, tuliosali miaka yote, tukabaki kutazamana.

La pili lilikuwa baya zaidi. Wiki chache baadaye alifariki mwingine, na ndugu zake waliingia chumbani anakooshwa, wengi tu, mmoja akapiga picha kwa simu. Picha ikatembea. Watoto wa marehemu waliiona kwenye simu za wenzao.

Hajati ndiye aliyesema basi. Ni mama anayeuza vitenge, alishakwenda Maka, na sauti yake haipandi hata akikasirika, ndiyo maana watu wanamwogopa. Alisema, "Tujifunze, tuandikishane, na mlango wa josho uwe na mwenyewe."

Tukajifunza. Mwalimu wetu alikuwa yule yule mama aliyekuwa safarini. Siku ya kwanza aliuliza, "Haya, nani atakuwa maiti?" Ndipo Fundi akavua viatu akalala kwenye mkeka, akafumba macho. Tunamwita Fundi kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na ndiye tuliyempa kazi ya kupima na kukata sanda. Mwalimu alipomgeuza ubavu wa kulia, Fundi akacheka.

"Maiti gani huyu anatekenyeka!" akasema mwalimu.

"Mtanizoea," Fundi akajibu, macho bado kayafumba.

Fundi alizaliwa Mkatoliki. Yeye na ndugu zake walilelewa Burundi, na aliyemlea hasa ni dada yake mkubwa, ambaye sasa anakaa Busanza, upande mwingine wa mji. Huku Kigali Fundi aliolewa na Mwislamu, akasilimu, mume akafariki, watoto hawakujaliwa. Dada yake hakuwahi kuacha kumtembelea. Idi anakuja, Krismasi Fundi anakwenda.

Tulipotaka kujiandikisha tuliambiwa tupeleke karatasi inayosema lengo letu ni lipi. Nikapewa niandike. Nililala na hayo maneno siku tatu. Nikaandika kwamba lengo la kikundi ni kuosha, kuvika sanda na kuwasitiri wanawake wa Kiislamu waliofariki, kwa mikono ya wanawake wa Kiislamu waliofundishwa, na mtu mwingine yeyote asiingie. Mkutanoni Hajati aliniambia nisome mara mbili. Halafu akasema, "Hapo." Neno moja tu, na mimi nilijisikia kama mtoto aliyepewa peremende mbele ya wenzake.

Punde mkuu wa isibo, yaani wa nyumba zetu hizi chache, alibisha hodi, na Hajati akatoka kuongea naye uani. Ndipo Fundi akauliza.

"Mimi je? Siku yangu ikifika, mukuru wangu ataingia?" Mukuru ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwa Kinyarwanda.

Mtu akamtania, "We Fundi, unafunga mizigo tayari?"

"Nauliza tu. Nataka ninyi munioshe, na yeye awepo. Wote."

Mwingine akasema ataingia, bwana, nani amzuie mtu na ndugu yake, na wengine wakaitikia ndiyo, ndiyo. Fundi akanitazama mimi mwenye kalamu. Mimi nikatazama daftari.

Sikuandika. Nikisema nilisahau, nitakuwa nasema uongo. Niliona kwamba swali lile linapingana na ukurasa niliousoma dakika tano kabla, ule uliosifiwa, na Hajati akirudi akakuta nimeliandika itabidi tuanze upya. Nikajiambia si la leo, litapata siku yake. Hajati akarudi, tukafunga kwa dua.

Siku yake ilikuwa Jumanne moja, wiki sita baadaye. Fundi alikuwa amelazwa hospitali ya Kibagabaga, wakamtibu walivyoweza, akafariki kabla ya jua kutoka. Saa nne asubuhi tulikuwa tumeshamleta nyumbani kwake. Imam alikuwa ameshatangaza, atasaliwa baada ya adhuhuri. Maji yamepashwa moto, kafuri ipo, pamba ipo, sabuni ipo kwa sababu majani ya mkunazi hapa kwetu hatuyapati. Sanda alikuwa ameikata mwenyewe, haikuwa ya mtu maalumu, ilikuwa akiba ya kikundi.

Dada yake akafika na kaka yao. Dada ni mama mnene, mfupi, kitenge cheusi, rozari shingoni. Alisalimia kila mtu kwa mkono, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba. Hajati alikuwa amesimama pale pale.

"Wihangane, mama," Hajati akamwambia. Pole. "Hapa wanaingia walioandikwa tu."

"Yule ni murumuna wangu. Mudogo wangu."

"Najua. Lakini ndiyo kanuni yetu."

"Kanuni ya nani? Mimi nimemulea kwa mugongo, sasa niombe ruhusa?"

Lazima niseme haki ya Hajati. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na ile picha kichwani. Aliapa mbele ya watoto wale kwamba mwanamke mwingine wa Gatsata hatafanyiwa vile. Na alimpigia imam simu pale pale, mbele yetu, akauliza. Imam akasema anayeosha awe Mwislamu na awe anajua. Jamaa wa karibu akikaa kwa heshima yeye haoni ubaya, lakini kikundi ndicho chenye mlango. Hajati akakata simu akasema, "Mmesikia. Mlango ni wetu, na tulikubaliana."

Kaka akasogea. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotutisha.

"Hajati, sisi hatukukuja kupigana. Lakini mukifungia mukuru wake, tunamubeba. Gari iko pale barabarani. Busanza padri iko, jeneza litapatikana, tutamuzika kama mama yetu alimubatiza."

"Amekufa Mwislamu," Hajati akasema.

"Mume amekufa, mutoto hana. Jamaa yake ni nani hapa? Ni sisi."

Fundi hakuacha karatasi. Alichoacha ni maneno, na maneno hayo alinikabidhi mimi. Akibebwa, hataoshwa na sisi. Dada akifungiwa nje, hatapata kile cha pili. Alivitaka vyote viwili.

Nikasema, "Hajati, Fundi aliomba dada yake aingie."

"Lini?"

"Siku ya lengo. Ulipotoka uani."

"Lete daftari."

Nilikuwa nalo kwapani. Akafungua ukurasa wa siku ile, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye dua.

"Haimo."

"Haimo. Sikuandika."

Akawageukia wengine. "Nani mwingine alisikia?"

Tulikuwa kumi na mmoja siku ile ya lengo, na sita kati yetu ndio waliokuwa hapa kwa Fundi. Mmoja akasema yeye hakumbuki. Wa pili akasema kulikuwa na utani utani hivi, lakini hajui. Wengine wakatazama chini. Siwalaumu. Inawezekana kweli hawakukumbuka. Hakuna aliyefikiri kwamba ni jambo. Hata mimi kwa nukta kidogo nilijiuliza, je, nilisikia, au natamani kuwa nilisikia?

"Mbona hukuandika?" Hajati akauliza.

"Niliogopa."

"Uliogopa nani?"

"Wewe."

Kaka alitazama saa yake. Huko barabarani mtu alipiga honi mara moja akaacha. Hajati akafunga daftari, akalishika kifuani, akamgeukia dada.

"Ulishaosha mtu?"

"Mama yetu. Peke yangu, na ndoo moja."

"Simu yako."

Dada akatoa simu kwenye mkoba, akampa. Macho ya Hajati yakashuka kwenye rozari, yakakaa pale.

"Hii sitoi," dada akasema.

"Sijakuomba."

Wanawake wawili wa kikundi wakatoka mlangoni wakasimama mbali. Walisema kwa adabu kabisa kwamba hawakuingia kwenye kikundi kwa makubaliano haya. Mmoja wao ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi wote kwenye kazi. Nao wana haki yao. Niliyewasomea makubaliano ni mimi.

Tukaingia wanne: Hajati, mwalimu, mimi, na dada. Hajati akampanga, "Wewe hutaosha. Utamwaga maji ninapokuonyesha. Kilio hapana. Na utakachoona hapa kinabaki hapa, hata kwa kaka yako."

"Nimesikia."

Tulianza. Kitambaa hakikuondoka juu yake hata mara moja. Dada alimwaga kwa haraka, maji yakaruka.

"Polepole," mwalimu akamwambia. "Mfanye kama anasikia."

Akapunguza. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Tulipomgeuza, mimi nilimsubiri acheke, Mungu anisamehe, nikauma mdomo. Dada alikuwa anatembeza midomo bila sauti. Sijui alikuwa anasema nini, na Hajati, aliyemwona vizuri kuliko mimi, hakuuliza. Maji ya mwisho, yale ya kafuri, Hajati alimwachia ndoo yote.

Wakati wa kufunga sanda kichwani, dada aliomba kumfunika uso yeye. Hajati akasita. Kisha akamwonyesha upande upi unakuja kwanza, wa kulia au wa kushoto, na mikono yao ikapishana juu ya kitambaa.

Kaka ndiye aliyeshika jeneza mbele kulia. Alifika mpaka makaburini na wanaume wetu, akatupia udongo kama wao. Hilo naliandika kwa kuwa niliambiwa na watu watatu, sikuliona.

Sisi wanawake tulibaki. Dada, mikono ya nguo imelowa mpaka kwenye viwiko, akauliza sasa yeye anafanya nini. Hajati akamwambia lile shimo lililopokea maji ya josho linafukiwa, lisikanyagwe. Wakalifukia wawili, mmoja kwa jembe, mmoja kwa mguu. Nilipotaka kusaidia Hajati akasema, "Wewe Jumamosi uje na daftari. Sitakutetea."

Hakunitetea. Jumamosi alisimama akaeleza yote, hakuongeza, hakupunguza, hata lile la kwamba nilimwogopa yeye alilisema. Akaongeza kwamba mtu anayeogopwa na katibu wake naye ajitazame. Halafu akasema ukatibu si mwandiko. Mwanamke akisema neno la siku yake ya mwisho na neno hilo likaachwa kwa sababu ya kupendezesha ukurasa, basi hatujamsitiri, tumemfunika. Akaomba walio tayari kunivua ukatibu wanyooshe mkono.

Mikono ikapanda mmoja mmoja. Nami nikanyoosha wangu, maana ningeuacha chini ningekuwa nadanganya tena.

"Shusha," Hajati akasema. "Wewe huhesabiwi."

Wengine wakacheka, na mimi nikacheka, na machozi yalikuwa yananitoka. Akapewa daftari msichana aliyemaliza sekondari, mwenye mwandiko kama miguu ya kuku. Wale wawili waliotoka siku ile hawajarudi. Kuhusu ndugu wasio Waislamu tumekaa mara nne sasa na hatujakubaliana. Wapo wanaosema ilikuwa rehema na wapo wanaosema ilikuwa ufa, na kila nikiwasikiliza naona wote wana jambo.

Mimi bado naosha. Juzi tulimaliza kwa mama mmoja mzee, na msichana wa daftari akaja mlangoni na kalamu, akauliza kama kuna neno lolote marehemu aliloliacha. Binti yake akasema lipo, lakini ni dogo tu, halina maana. "Liseme," msichana akamwambia, akaanza kuandika kabla hajasikia.