Niliona Maji Mekundu, Nikanyamaza

Kosa ni langu. Ninalisema mwanzo ili msinihurumie.

Asubuhi ile nilitoka mtaa wetu wa Mangobo bila kujua ninakwenda wapi. Nilikunja shati moja, nikafuata barabara ya kaskazini kwa sababu miguu ilielekea huko. Nyuma yangu, hospitalini Kisangani, alikuwa amelala mtu asiye tena na mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyemkata, ingawa sikushika kisu.

Shule niliiacha mapema. Nilitaka kujua kila kitu kilichokuwa nje ya dirisha! Nilifagia karakana, nikapakia magogo kwenye meli, nikakaa Basoko kidogo, nikarudi. Popote penye mashine, mimi huyo, nimeinama kuchungulia. Ndivyo alivyonipenda mzee mmoja wa Maniema, fundi wa kupaka baiskeli rangi upya, ambaye karakana yake ilikuwa uani kwake. Alinipa kazi na chumba. Nilimwita Papa.

Miaka yote Papa alipaka kwa brashi. Siku moja akaamua kununua kompresa, ile mashine inayoshindilia hewa ndani ya tangi, ili rangi itoke kama moshi, iwe laini kama ya kiwandani.

Dereva mmoja alikuwa na mbili, alizoachiwa na bwana wake aliyerudi Ulaya. Tulikwenda Ijumaa. Ile ndogo ilikuwa imebonyea, rangi imebanduka. Ile kubwa ilikuwa imepakwa kijani juzi tu, tangi kama tumbo la kiboko, na injini yake ya petroli. Moyo uliniruka! Ndogo ningeimaliza kuielewa kwa siku moja. Kubwa ingenipa vya kuchokonoa mwaka mzima.

Dereva alinicheka. "Ee, ndeko, unatafuta mashini ya kazi ao ya kuonyesha bibi za watu? Kwa baiskeli, ile mutoto inatosha."

"Baki na mutoto yako," nilimjibu.

Papa alitazama jua. "Saa ya kusali imefika. Macho yangu imechoka. Weye angalia muzuri. Ile utachagua, ndiyo tutabeba."

Aliniamini. Jamani, aliniamini!

Dereva alipoingia ndani, nililala chini ya tangi kubwa nikafungua robine, kile kibomba cha kutolea maji. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ikishindiliwa, maji hubaki chini ya tangi, na yasipotolewa kila siku yanakula chuma. Yalitoka maji mekundu, mazito, yenye vipande vyembamba vya kutu kama magamba ya samaki. Nilikwisha kuonyeshwa maji ya namna hiyo katika karakana niliyofagia, nikaambiwa tangi likifika hapo halifai tena. Na rangi mpya? Kuficha kutu kwa rangi ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila siku! Nilijua. Nilijua yote.

Nikafunga robine. Nikafukia maji kwa mguu.

Papa alirudi akiwa bado na kofia ya sala mkononi. "Bon. Ile gani?"

"Ile mukubwa, Papa."

"Iko muzima?"

"Muzima kabisa."

Miezi michache tulifurahi. Watu walileta baiskeli hata kutoka Bengamisa. Kila jioni Papa alifungua robine mwenyewe, bila kukosa hata siku moja. Akiona wekundu aliniuliza, nami nilimjibu, "Mashini yote iko vile, Papa." Alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mimi, niliyekimbia shule!

Kisha nikasikia filimbi nyembamba chini ya tangi. Tundu, dogo kama ncha ya sindano. Hapo bado ningeweza kusema. Badala yake niliogopa kuonekana mpumbavu. Nikaliziba kwa lehemu, nikapaka kijani juu.

Kesho yake nilikwenda kutafuta petroli. Nikiwa njiani kurudi nilisikia mlio, nikaona bati la paa letu likianguka katika uwanja wa jirani. Nilikuta tangi limepasuka, Papa amelala kifudifudi, mkewe akifunga mkono wake kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Tafuta gari!" alinipigia kelele. "Unasimama sawa muti?"

Mkono ulikatwa. Siku ya tatu, majirani wakiwa wamezunguka kitanda, Papa aliweza kusema.

"Kosa iko yangu. Nilisahau kutoa maji. Ni uzee." Akanigeukia. "Huyu mutoto alichagua muzuri."

Nilifungua kinywa. Kilichotoka ni, "Pole, Papa." Basi! Asubuhi iliyofuata ndipo nikaondoka.

Nilipanda lori, nikashushwa, nikatembea. Nilipofika Banalia nilikuta mvuvi mmoja kando ya mto Aruwimi akirekebisha wavu. Nilimwomba mahali pa kulala.

"Weye ni mutu ya kazi gani?" aliuliza.

Nikamwambia yote, mpaka lehemu na rangi. Vidole vyake havikuacha wavu.

"Alors, umeniambia mie," alisema mwishowe. "Mie niko na mikono mibili. Inamusaidia nini yule wa moja?"

"Tonton, nina haya."

"Haya yako utalala nayo kwa ile nyumba kule. Mukeka iko. Kesho katekista wa kanisa yetu atakupa karatasi ya kuandika yote."

Ndiyo karatasi hii, ninayoipeleka gazetini. Wenzangu, mkinunua kompresa, fungueni robine ya chini kabla ya kusifu rangi ya juu. Na wewe uliyeaminiwa kuchagua kwa ajili ya mwenzako, ukiona ubaya, useme pale pale! Aibu ningeimaliza siku ile ile. Sasa nitazeeka nayo.

Papa hasomi herufi hizi, lakini mkewe humsomea gazeti. Mama, msomee hapa kwa sauti kubwa: Papa, hukusahau. Ulitoa maji kila jioni.