Siku Tonton Alipotaka Kuona Lebo ya Kilti

Najua Solange wangu ameshawasimulia, tena kwa kuongeza chumvi, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe, na mnaotaka kucheka anzeni sasa mmalize: ni kweli, nilivuliwa nguo mbele ya wakwe, na aliyenivua ni mimi.

Kisa chenyewe ni kilti, ile nguo ya wanaume wa Uskoti, ya sufu nzito yenye miraba, mbele imelala bapa na nyuma ni marinda matupu. Niliinunua mpya, ya kijani iliyokolea, pamoja na soksi zake za sufu, zile nzuri hasa, zinazopanda mpaka chini ya goti na kukunjwa juu, na nawaambia ukweli, sijawahi kuvaa kitu kikanikaa vile. Wala sikuinunua kwa sherehe. Niliivaa na sweta na buti, nikaenda nayo sokoni, nikapanda nayo tramu, mtaa wetu wote wa Etterbeek, hapa Ubelgiji, watu wakawa wananitazama kuanzia magotini kwenda juu, wakifika usoni wanatabasamu (bibi mmoja wa Kibelgiji aliomba aishike, akaishika, akamwita na mwenzake). Ukitembea, marinda yanacheza nyuma yako na mgongo unanyooka wenyewe.

Sasa Jumapili hiyo nilikuwa nimeitwa mtaa wa Koekelberg, kwa Tonton Dieudonné, ndugu wa marehemu baba yake Solange. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho: akisema ndiyo tunaoana, akisema hapana, basi. Na Tonton, mtu wa Lubumbashi, kwake mavazi si mchezo. Anavaa kama kila siku ana harusi, na mchumba aliyenitangulia (Solange hapendi nimtaje, kwa hiyo namtaja haraka) aliangushwa na soksi nyeupe alizozivaa na suti nyeusi. Solange alinisihi nivae suti. Nikamwambia hapana, mzee anione nilivyo siku zote, akinikubali anikubali na kilti yangu. Maneno ya kishujaa kabisa, niliyasema huku nakula chipsi.

Na chipsi za nchi hii mnazijua. Asubuhi ile vikanda vya ngozi vya kiunoni viligoma. Nilivifunga kwa nguvu, vikanibana mpaka pumzi ikawa inaingia kwa zamu, nikaona isiwe taabu, nikaviacha. Nikajiambia, mtoto wa Tanga mimi, nimekulia kwenye kikoi, babu kikoi, baba kikoi, leo nifundishwe na Mskoti kufunga nguo kiunoni? Nikaivuta ile sufu, nikaikunja, nikaliviringisha pindo la juu vilevile kama kikoi, nikashusha sweta juu yake. Ikashika. Ndani nilikuwa na bukta yangu ya kulalia, ambayo zamani ilikuwa nyekundu na sasa, kwa sababu ya dawa ya kufulia, ni ya waridi. Nani angeiona?

Tulipoingia, sebule ilikuwa imejaa watu waliotoka misa, na wote wakageuka. Maman Béatrice, mke wa Tonton, akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kusikika vizuri, "Ile ni jupe, ao ni nini?", yaani sketi. Tonton alikuwa kwenye kiti chake, suti ya kahawia, mguu mmoja juu ya mwingine, akinichunguza.

"Bon," akasema. "Tembeya kidogo."

Nikatembea.

"Geuka."

Nikageuka, marinda yakafunguka na kujifunga. Tonton akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainuka kuja kunibana soksi kwa vidole viwili.

"Hii laine, c'est sérieux," akawaambia wenzake, yaani sufu hii si ya mchezo. "Muangalie soksi. Haina hata pli moja. Batoto ya leo habajue tena soksi."

Solange akanikonyeza. Nami kichwa kikavimba, sikatai.

Sasa kama hamjawahi kukaa na hawa wapenda mavazi wa Kongo, jueni kwamba kwao kusifu ni mwanzo tu. Nguo nzuri ina jina la aliyeishona, na jina lazima lionekane, ndiyo maana mtu anafungua koti katikati ya barabara ili uone lebo ya ndani. Kuombwa lebo ni heshima kubwa.

"Alors," akasema Tonton, "onesha marque."

Lebo ya kilti imeshonwa ndani, kiunoni, kwenye upande unaofunikwa. Ningeweza kulitaja jina tu. Ningeweza kuomba kwenda chumbani. Lakini nilishalewa sifa, nikapandisha sweta, nikashika ukingo wa mbele kwa madaha yote, nikaufungua.

Kikoi ukikifungua mikono inajua pa kushika. Kilti ina uzito wa blanketi, na marinda yote yako nyuma. Ilinichomoka mkononi ikaenda chini pu, nikabaki katikati ya sebule ya wakwe na bukta ya waridi, chini yake soksi zikiwa bado zimenyooka.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua. Maman Béatrice alijifunika macho, vidole ameviachanisha. Solange alitazama dari. Nilimpenda yule msichana kuliko nilivyowahi kumwambia, na nikajua nimempoteza kwa upumbavu wangu mwenyewe.

Tonton akaitazama bukta kwa muda.

"Na ile ya rose," akauliza taratibu, "iko marque gani?"

Hapo nyumba ikalipuka. Watu walilia kwa kucheka, na mimi nikacheka kwa kukosa pengine pa kwenda. Lakini Tonton alikuwa ameshapiga magoti, na suti yake ile, akaiokota kilti, akaikung'uta, akasoma lebo kwanza (hakusahau), kisha akanizungushia kiunoni na kufunga vikanda kimoja kimoja, hata kile cha ndani ambacho mimi sijawahi kukielewa.

"Hii habafungake sawa pagne, mutoto yangu," akasema, yaani haifungwi kama kitenge.

Solange akaacha kutazama dari. Alikuwa amelisikia lile neno, "mutoto yangu", ndiyo yenyewe hiyo, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Tangu siku hiyo nimeapa: chipsi nimepunguza, na sitoki nyumbani kabla vikanda vyote havijafungwa. Kilti bado naivaa, sana tu. Ila aibu ina mkia. Siku ya kupanga mahari, baba mdogo alikuwa kwenye simu kutoka Tanga, kwa spika, amejiandaa kabisa, maana nilimweleza kwamba desturi ya Wakongo ni kumpa baba wa binti suti. Tonton akasogelea simu, akasema suti anazo nyingi, yeye anataka jupe ya laine sawa ile ya Danieli, na soksi zake.

Nikamtafsiria baba mdogo: sketi ya sufu.

"Danieli," akasema baba mdogo, "hebu nieleweshe. Anayeolewa ni nani?"

Ikabidi nimjibu, mbele ya ukoo mzima wa Koekelberg, kwamba anayeolewa ni Solange, sketi ni ya baba mkwe.