Namba Iliyocheza Ngoma Msalato

Enzi zetu za Mdachi, ninyi wa rika langu hamjasahau, mtoto alifika shuleni miguu imejaa vumbi na tumbo limejaa ugali wa uwele kwa mlenda. Mlenda wa siku hizo ulivutika hasa. Ukiinua tonge unakufuata mpaka kidevuni. Vijana wa leo wakiuona wanakunja pua. Lakini ngoja, sikukaa kuandika habari za mlenda. Nataka kueleza namba moja.

Shule yetu ya Msalato ilikuwa kibanda na kivuli chake, basi. Mwalimu Athumani, mtu wa pwani, alikuja asubuhi na kanzu nyeupe, jioni ilikuwa nyekundu kama sisi. Siku moja alitusimamisha sita, akatuchora chaki vifuani: moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Saba nilikuwa mimi, wa mwisho.

"Mkisimama hivyo," akasema, "ninyi ni laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba."

Tulicheka mno. Nani aliwahi kuona vitu vingi hivyo?

Mara Bibi yangu akapita na kibuyu cha maziwa. Kwetu watoto hawahesabiwi. Hata ng'ombe hatukuwahesabu. Jioni zizini ulitazama rangi, ukimkosa mwekundu mwenye baka, unakwenda kumtafuta. Kuhesabu ni kukiita kifo kije kupunguza. Bibi akaona namba vifuani mwetu, akatua kibuyu.

"We mwalimu! Unawahesabu watoto kama mizigo ya Mdachi? Huyu wangu naondoka naye, harudi tena!"

Nikaona shule inaniponyoka. Nami niliipenda, siwafichi, maana nikiikosa ni kuchunga mbuzi juani.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akamjibu. "Siwahesabu, wanacheza. Watoto, shikaneni mikono, duara!"

Akaizidisha ile namba kwa mbili, akiandika mchangani. Tukatoka walewale sita, tukifuatana vilevile, ila sasa aliyetangulia ni Mbili. Tukazunguka mpaka Mbili akawa mbele. Mara tatu, akaongoza Nne. Mara nne, Tano. Mara tano, mimi! Nikatikisa mabega kama watu wazima kwenye ngoma ya mavuno. Mara sita, Nane.

"Hakuna aliyepotea?" Bibi akauliza.

"Hakuna. Ni duara lilelile."

"Na mara saba?"

Mwalimu akajikuna kichwa. Hakuwa mwongo. "Mara saba, bibi, wote sita wanageuka tisa. Mstari mzima tisa tupu."

"Nisimjue wangu ni yupi?"

"Usimjue."

"Basi ishia sita, nami nakuachia mtoto." Akaanza kupiga makofi, tukazunguka tena, maziwa tukayamaliza.

Mwalimu hakufika saba hata siku moja, mpaka vita vikamchukua, na elimu yangu ikaishia hapo.

Juzi mjukuu wangu kaja na kimashine cha hesabu, kinaenea kiganjani, hakijui jua wala vumbi. Nikamwambia aizidishe namba yangu kwa tano. Kufumba na kufumbua: 714285.

"Unamwona nani mbele?" nikamuuliza.

"Ni saba tu, babu."

Saba tu! Mimi nilisikia makofi ya Bibi.

Akapeleka kidole ajaribu kuzidisha kwa saba. Nikamshika mkono.

"Ishia sita," nikamwambia.