Meza Isiyoisha ya Mzee Abdulatif

Kibwana hakuwahi kushindwa na mbao. Alikoshindwa ni ukweni, ingawa hakumwambia mtu. Alizaliwa Kinole, juu mlimani, akaoa Bigwa, chini ya mlima, na kwa desturi ya Waluguru akahamia upande wa mke. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilisimama kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, na watoto wake walihesabiwa wa ukoo huohuo. Hata banda lake la useremala lilikuwa chini ya mfenesi wa mama mkwe. Fenesi likidondoka juu ya bati, anayeshtuka ni yeye, wanaolila ni wengine.

Wala hawakumtesa, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana hakuwa na wa kumlaumu. Walimsalimu vizuri, walimpakulia nyama iliyo nono. Lakini miaka yote hiyo hakuwahi kuamua hata mlango wa jiko uelekee wapi.

Ndipo Castory, aliyejifunza naye ufundi, alipompigia simu kutoka Dodoma. Amefungua karakana, kazi zimemzidi, anataka mwenza. Kibwana aliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mzee Abdulatif, mjomba wa mkewe, ambaye neno lake ndilo neno la ukoo. Akaamkia, akakaa, akaeleza.

"Ukoo hauna neno, mkwe," mzee alisema. "Ila usituache mikono mitupu. Mtengenezee mama mkwe wako meza ya chakula. Ikiisha, chukua mkeo na watoto, mwende."

Kibwana alirudi nyumbani mwepesi. Alimwambia mkewe, Mwanvita, kwamba mjomba ameridhia. Mwanvita alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua.

Ilianza meza ya watu sita, ya mninga. Uso wake umekwisha kupigwa randa, mzee akaja bandani. "Siku ya Idi tutakaa wapi sote, mkwe?" Meza ndefu zaidi isingeacha pa kupita sebuleni. Kibwana, kwa kiherehere cha fundi, akafungua mdomo mwenyewe: ipo meza ya kuvuta. Unaukata uso katikati, unaulaza juu ya reli za mbao, ukivuta ncha mbili panabaki uwazi, na kwenye uwazi unapachika kipande. Baadaye alijilaani, maana hakuna aliyemtuma kusema.

Akaukata uso alioutolea jasho. Akachonga reli, huku mfereji, huku ulimi. Zilipoanza kuteleza vizuri, mzee akarudi: kipande kimoja hakitoshi, viwe viwili. Reli zikabidi ziwe ndefu zaidi. Mara ikafaa mguu wa katikati, isije ikabonyea. Mara vipande vipatiwe kisanduku chini ya meza, visije vikapotea. Masika yakaingia, ukungu ukashuka mlimani hadi bandani, mbao zikavimba, reli zikagoma. Akangoja zikauke, akaparua upya. Kila Castory alipopiga simu, jibu lilikuwa lilelile: bado kidogo.

"Meza gani hiyo, ndugu yangu?" Castory alimuuliza mwishowe. "Kesho nataka jibu. Ukishindwa, namchukua mwingine."

Kibwana aliona uchungu. Alijiona kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, anatembea na anadonoa, lakini mwendo wake ni ule wa kamba.

Kesho yake asubuhi alizipaka reli sabuni ya mche ziteleze, akasaidiwa kuibeba meza mpaka sebuleni kwa mama mkwe. Akaivuta kwa mkono mmoja. Ikafunguka bila sauti. Akapachika vipande viwili, na maungio hayakuonekana. Mzee Abdulatif akapitisha kiganja juu ya uso wote.

"Imekwisha," Kibwana aliwahi kusema, kabla hakijazuka kingine.

"Imekwisha kweli," mzee alisema. Kisha akamgeukia Mwanvita, aliyesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Mwanangu, ulivyotaka viongezwe vyote vimo? Vipande, na mguu wa katikati, na kisanduku?"

Mwanvita alivitazama vikombe. "Vimo, mjomba."

Ndipo Kibwana alipoelewa. Mtoto wa Kinole mzima, aliyekulia katika desturi hizihizi, alikwenda kuomba ruhusa kwa mjomba akadhani mambo yameisha. Alisahau kwamba mjomba ni mdomo tu, na maneno ni ya wanawake wa ukoo. Mwanvita asingeweza kuikataa mbele za watu ruhusa iliyotolewa na mjomba wake. Basi hakuikataa. Aliirefusha.

"Ruhusa yako iko palepale, mkwe," mzee alisema. "Mimi sirudi nyuma."

Kibwana alimsogelea mkewe. "Mama Shadia, si ungeniambia."

"Si ungeniuliza, baba Shadia." Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Wewe nenda. Mimi na watoto tutakusubiri hapa."

Aliijua maana yake. Angekwenda peke yake na mfuko wa patasi, arudi siku ya Idi kama mgeni, aketishwe penye vipande vya kupachika, kisha vitolewe na meza ifungwe. Aliitamani Dodoma, na alimpenda mwanamke huyu, na hakuona pa kupitisha vyote viwili.

Simu ikaanza kuita mfukoni. Alijua ni Castory. Aliiacha iite, akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya meza na kuipapasa reli. Ilikuwa laini mwanzo hadi mwisho.

"Hapa pananata," alisema. "Niirudishe bandani nipaparue kidogo."

Mzee Abdulatif aliinama, akaisukuma meza kwa kidole kimoja. Ikateleza. Alimtazama Mwanvita, akamtazama Kibwana, kisha akajinyoosha taratibu.

"Kweli," alisema. "Pananata."