Wimbo wa Kumkaribisha Mgeni Rasmi

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na ningeendelea kuibeba kimya kimya kama si rafiki yangu Mutua kuisimulia kila tunapokutana watu zaidi ya watatu, tena anaisimulia vibaya, anaongeza ng'ombe ambaye hakuwepo. Afadhali niiseme mwenyewe. Hakukuwa na ng'ombe. Mengine yote ni kweli.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunasoma chuo kikuu kimoja cha Kilutheri pale Riruta, Nairobi, chuo kidogo kiasi kwamba ukikosa ibada ya asubuhi, saa nne mpishi anakuuliza kama unaumwa. Kila mwaka kulikuwa na Siku ya Utamaduni: kila jamii inaleta wimbo wake, kina mama wa jikoni wanapika chapati, na mmoja wa waliosoma pale zamani wakafanikiwa anaalikwa kuwa mgeni rasmi ili tumwone tujue inawezekana. Mwaka wangu wa mwisho aliyealikwa ni Daktari Lumbasi, Mluhya wa kwetu Kakamega, mkubwa wa miradi ya maji ya kanisa huko magharibi. Na ilijulikana (Mchungaji wa chuo alitangaza mwenyewe) kwamba angechagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kufanya attachment, yaani mafunzo ya kazi, ofisini kwake, na attachment kwa Daktari, kila mtu alijua, ilikuwa kazi yenyewe. Niliitaka ile nafasi kuliko nilivyoitaka digrii. Mama alikuwa ameuza mboga kituo cha Kawangware 46 tangu niko darasa la pili, na nilikuwa nimeshamwambia avumilie kidogo tu.

Sasa Mchungaji, mtu wa Bukoba mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, akauliza kwenye mkutano nani anajua wimbo wa Kiluhya wa kumpokea mgeni kwa heshima. Kimya. Waluhya tulikuwa wanne, wote watoto wa Nairobi, Kiluhya chetu cha kuombea chai tu. Nikainua mkono. Huo mkono ndio chanzo cha yote.

Sikuwa nadanganya, mjue hivyo. Nilikuwa najua wimbo mmoja mzima, mwanzo mpaka mwisho. Niliusikia nikiwa na miaka kumi na mbili kule nyumbani, wazee wanaimba wakizunguka na matawi mabichi mikononi, ngoma za isukuti zinalia, mjomba ameinua juu kofia ya babu, vumbi limetanda kila mahali. Maishani mwangu sikuwahi kuona mtu akipewa heshima kama ile. Kwamba aliyepewa heshima hiyo ni babu, na babu alikuwa ndani ya sanduku, ni jambo ambalo (sijui niliweke vipi) sikuliona kama sehemu ya wimbo.

Tukafanya mazoezi wiki tatu. Nilikusanya watu kumi na wawili, pamoja na huyo Mutua, Mkamba wa Machakos niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, mwenye sauti nzuri na maswali mengi. Siku ya pili tu akaniuliza, "Bana, mbona hii song inanifanya niskie kulia?" Nikamwambia furaha ya Waluhya huanzia chini, inapanda polepole. Akaridhika. Wapiga isukuti nilienda kuwatafuta Kibera, wazee wawili wa Laini Saba, mafundi wa viatu katikati ya wiki na wapiga ngoma wikendi, nao wakasema mazoezini hawataweza kuja kwa sababu kila Jumamosi wana mtu wa kusindikiza. Nilipaswa kuuliza anasindikizwa wapi. Sikuuliza.

Siku yenyewe ikafika. Mama akaja amejifunga leso mpya, akaketi mstari wa tatu. Wimbo sikuwa nimemwimbia, nilitaka ashangae. Daktari Lumbasi naye akaja, mtu mkubwa, mpole, suti ya kijivu na kofia, akaketishwa mbele peke yake kwenye kiti cha kuchongwa. Tukaingia kwa mlango wa nyuma, mimi mbele, matawi mikononi (tulikuwa tumeyakata kwenye ua wa mkuu wa chuo, na alikuwa anayatambua tukipita), nikapaza sauti.

Wale wazee wa Kibera wakatazamana. Kisha wakapiga, na walipiga jamani, wimbo waliujua kuliko mimi. Tukamzunguka Daktari mara ya kwanza, nikaona mama amesimama, mikono kichwani, machozi yanamtiririka, nikasema moyoni, ameguswa. Mara ya pili mlango wa jikoni ukafunguka, wakatoka wapishi watatu, wote kina mama wa Kiluhya wa Maragoli, mikono imejaa unga, wanalia kwa sauti, mmoja anauliza ni nani, ni nani. Nikaona mambo yanaenda vizuri kupita nilivyotarajia. Mara ya tatu nikamkumbuka mjomba. Nikanyoosha mkono, nikamvua Daktari kofia, nikaiinua juu.

Hapo mzee mmoja akanisogelea na ngoma yake kwapani, bila kuacha kupiga, akaniuliza sikioni kwa upole wa mtu aliyezoea kazi yake, "Kijana, mwili uko wapi?"

Kuna mambo mtu huyaelewa polepole, na mengine huyaelewa yote kwa mara moja akiwa ameshika kofia ya mtu. Nilimwangalia mama, nikawaangalia wapishi, nikaangalia matawi. Nilitaka kusimama, lakini nilikuwa nimewafundisha wenzangu wasisimame mpaka mimi nisimame, na miguu yangu ilikuwa haisikii. Nyuma yangu Mutua alikuwa amefika pale pa juu kabisa pa wimbo, anaimba macho yamefungwa.

Daktari akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Kijana," akasema, "mimi bado niko."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji, ambaye hakuwa ameelewa kitu, akapiga makofi peke yake, akaacha. Daktari akaniuliza ule wimbo nilijifunzia wapi, nikamwambia mazishi ya babu. Akauliza kama sijui wa harusi, au wa mtoto akizaliwa. Nikasema ukweli kwa sababu sikuwa na kitu kingine kilichobaki.

"Nyumbani tunaendanga kuzika tu, Daktari."

Nadhani wengi mle ndani walikuwa wanahesabu safari zao wenyewe. Daktari akachukua kofia yake, akaivaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kipande kilichobaki nisikiimbe, nikiweke. Nikakiweka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nafasi alipewa Mutua. Mchungaji alieleza kwamba alikuwa ameonyesha moyo wa kujitoa hata katika utamaduni usio wake. Mama alingoja mpaka tulipofika mlangoni kwetu Kawangware, ndipo akasema, "Si ungeniuliza tu." Nimegombezwa na watu wengi tangu siku hiyo, lakini hakuna maneno yaliyoniuma kama hayo, kwa sababu alikuwa pale miaka yote, hatua tano kutoka kitandani kwangu, na nyimbo zote anazo.

Nikaapa sitainua mkono tena mkutanoni (nimeshapitwa na vyeo viwili, sijali). Nikaapa pia kwamba kila Disemba nitaenda nyumbani na mama, awe amekufa mtu au hajafa. Kiapo hicho kilinipa nyimbo mbili za harusi, ambazo naziimba vibaya.

Miaka minne baadaye Mutua akanipigia simu kutoka Kakamega. Daktari alikuwa amefariki. Nikatoa pole, nikadhani ameishia hapo, lakini akaendelea. "Mzee aliacha maneno. Alisema yule kijana aliyemwimbia mapema aje amalizie." Nilingoja Mutua acheke. Hakucheka.

Wimbo niliuanza kwanza jikoni kwetu, mbele ya mama, ubeti kwa ubeti, akanirekebisha mahali pawili. Tukaenda pamoja. Pale bomani kwa Daktari kulikuwa na watu wengi, matawi, isukuti, na mtoto wake mkubwa akatoka ndani ya nyumba akiwa na ile kofia, akaniwekea mkononi. Nikalia kabla sijaanza, kisha nikaanza. Nilipofika pale tulipokomea Riruta nikaiinua juu kofia, nikaendelea mpaka mwisho, na safari hii hakuna aliyeniuliza mwili uko wapi.