Njia ya Viboko

Mimi ni fundi umeme wa mtaa wa Jabe, mjini, na mdomo ninao, nakiri. Shamba kubwa la mahindi lilipofunguliwa kule tambarare ya mto Rusizi, lenye matrekta yanayojiendesha kwa satelaiti na pampu za kuvuta maji mtoni, waliniita mimi nilizungushie waya wa umeme. Wallahi, mtaani nilitembea kama bwana harusi!

Pembeni mwa shamba hilo dada yangu mkubwa analima kipande chake. Kati yake na shamba kulikuwa na ukanda wa nyasi unaopanda kutoka mtoni, na hakuna aliyewahi kulima hapo. Ni njia ya viboko. Tangu enzi za mama yetu, wakulima wa pale huwaachia, nao hupita kwenda malishoni na kurudi bila kumsumbua mtu.

Msimamizi wa shamba alicheka. Ardhi nzuri hivi mnawaachia wanyama? Nami nikacheka naye, mjinga mimi. Nikasimamisha nguzo katikati ya njia, nikafunga paneli za jua na betri. Nilikulia pale, nilijua viboko hupita wapi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki haikuisha, dada akanipigia simu. "Njoo uone."

Mahindi yake yaliyokuwa yameanza kubeba yalilala chini yote, yamekanyagwa kwenye tope. Viboko walifika kwenye waya, ukawapiga, wakageukia penye uwazi. Kilikuwa chakula chake na wanawe mpaka mvua nyingine. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru.

"Na mi nilikuwa najisifu kwa majirani," alisema, "ati ule waya ameuweka ndugu yangu."

Aibu ilinishika, nikakosa pa kutazama. Akapangusa tope kwenye kitenge chake.

"Sasa na mi uniwekee."

"Dada, wakikuta waya kwako, watapita wapi?"

"Mi sijui. Kwangu apana."

Nyuma yake, ng'ambo ya mfereji, jirani yake mjane alikuwa akipalilia maharage. Alipotuona akaweka jembe chini, akapunga mkono. "Fundi, karibu! Pole na safari!"

Dada akamwitikia kwa niaba yangu, kwa sauti ya furaha kabisa, kisha akanigeukia. "Unaleta lini?"

Nikamwambia Jumamosi. Jumamosi nilikwenda, nikauweka.