Chupa Mbili Zisizo na Majina

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro robo, gauni langu la mtumba nimelipiga pasi mara mbili. Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ya Songea yalianza kujaa bidhaa, lakini ajira serikalini zilikuwa zimebanwa, na mhitimu wa biolojia kupata nafasi katika kituo kidogo cha utafiti wa saratani lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia Mkuu wa Kituo.

"Marahaba, binti. Unajua kuosha vyombo?"

Nikaosha mirija ya kioo miezi mitatu. Ndipo akaniruhusu kugusa vinasaba, yaani yale maandishi yaliyomo ndani ya kila seli, yanayoiambia lini igawanyike na lini ikome. Saratani ni seli iliyosahau kukoma. Sisi tulitafuta ni wapi maandishi yameharibika, hasa katika uvimbe wa taya unaowapata watoto.

Ili yasomeke, vinasaba hunakiliwa mara nyingi sana. Kwa wenzetu ipo mashine. Sisi tulikuwa na mabeseni matatu ya maji juu ya majiko ya mchina, yale ya mafuta ya taa: la kwanza karibu kuchemka, la pili vuguvugu, la tatu katikati. Ulihamisha mirija kutoka beseni hadi beseni, jicho kwenye kipimajoto, mizunguko thelathini. Ukisinzia, umeharibu.

Mwaka wangu wa pili waliletwa watoto wawili wenye taya zilizovimba: Upendo, binti wa Madaba, na Saidi, mvulana wa Tunduru. Daktari wa upasuaji alikata kipande kwa kila mmoja, akasafiri. Nilivitia vipande katika chupa za spiriti na kuandika majina kwa wino. Chupa moja ilivuja, spiriti ikafuta majina yote mawili.

Chini ya hadubini, chupa moja ilikuwa na saratani. Nyingine ilikuwa na usaha tu. Ipi ya nani? Sikujua. Dawa za saratani ni kali, humpi mtoto asiyezihitaji. Na uvimbe ule hukua kwa siku, haungojei daktari arudi.

Nilimwendea Mkuu, nikamweleza yote. Alivua miwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi nenda kawaambie wazazi. Wewe mwenyewe. Halafu urudi tufanye kazi."

Mama Upendo alilia, akanigeuzia mgongo. Baba Saidi alinisogelea.

"Ungeweza kubahatisha, tusijue," alisema.

"Ningeweza, baba."

"Basi rudi kazini. Inshallah Mungu atakufungulia."

Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipokumbuka: mvulana ana kinasaba ambacho msichana hana. Tukikinakili, chupa yake itajitaja. Mkuu alikubali, lakini akakunja mkono wa shati. "Toa damu yangu, na yako pia, tuzipime pamoja. Kama mimi sitaonekana mwanamume, kipimo ni kibovu."

Tulianza asubuhi. Yeye alichochea majiko, mimi nilihamisha mirija. Alasiri tukaziingiza nakala katika jeli yenye rangi, tukafunga mapazia, tukawasha taa ya zambarau inayozing'arisha. Damu ya Mkuu ilionyesha mstari uliong'aa. Yangu, kitu hakuna. Chupa yenye usaha, mstari. Chupa yenye saratani, kitu hakuna.

"Rudia," alisema Mkuu.

Kesho yake tukarudia. Jibu likawa lile lile. Saidi alikuwa na jipu la jino. Upendo alianzishiwa dawa siku hiyo hiyo.

"Alhamdulillahi," alisema Baba Saidi, kisha akaenda kukaa na Mama Upendo, maana furaha yake ilimwonea haya mwenziwe. Lakini uvimbe ule, ukiwahiwa, hutii dawa. Wiki ya tatu nilimkuta Upendo akitafuna hindi la kuchoma, mama yake akimkataza na kucheka papo hapo. Nilijificha nyuma ya jengo, nikalia kwa faraja.

Baadaye nilihamishiwa Dar es Salaam kuwa Mtafiti Mwandamizi, nikatumia mashine zinazojipasha moto zenyewe, kisha nikarudi Songea kukiongoza kituo kile kile. Sikugundua tiba. Niliongeza mistari michache katika elimu iliyoandikwa na wengi.

Siku niliyostaafu, vitu vyangu vikiwa tayari kwenye gari la kwenda nyumbani kwangu Mjimwema, mtaalamu wetu mpya wa maabara alikuja akikimbia, uso umempauka.

"Mama, nimekosea. Nimechanganya sampuli za jana. Hakuna aliyeona, ila nimeona nikuambie."

Nilimvutia kiti. Moyo wangu ulitulia kabisa, nikajua kituo nakiacha salama.